Kirangozi Mpya wa Kompyuta Kongwe

Abiria wa reli ya kati akitokea Dar es Salaam huifikia Igalula akiwa hoi. Amekwishapita Dodoma, amekwishapita Manyoni na Itigi, mgongo unamuuma, na jina pekee analotaka kulisikia ni Tabora, ambako si mbali tena. Kwa hiyo Igalula huichungulia dirishani tu: jengo la stesheni, miembe, watu na vikapu vyao, basi. Mimi nakaa hapa. Nimeamua kuandika juu ya jambo dogo lililofanyika hapa mwishoni mwa mwaka 2025, la kubadilisha diski ndani ya kompyuta ya zamani, na nitaliandika kama historia, maana nimeona halielezeki vizuri bila habari za njia ya misafara iliyopita nchi hii hii kabla ya reli. Wenzangu mnaopenda hadithi za mapenzi mnivumilie kidogo.

Njia hiyo ilianzia Bagamoyo. Ilipanda Usagara, ikakatiza Ugogo penye hongo na uhaba wa maji, ikaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali, na pori hilo likiisha ndipo msafara ulipoibukia Tura, mlango wa Unyamwezi kwa upande wa mashariki. Kutoka Tura watu walielekea Rubuga, kisha Kigwa, halafu Unyanyembe, yaani Tabora pamoja na Kwihara. Tura na Kigwa zipo hadi leo, nazo zimo katika jimbo letu la uchaguzi la Igalula. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upagazi wa masafa marefu ukafa, maisha yakahamia kwenye stesheni, na kambi za zamani wakaachiwa wazee wazikumbuke.

Hebu tuangalie mwendo wenyewe. Richard Burton na mwenzake John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Hizo ni siku zaidi ya 130. Henry Stanley mwaka 1871 alijisifu kuifikia Unyanyembe kwa siku 84. Miguu ya Wanyamwezi haikurefuka katika miaka hiyo 14. Kilichopungua sana ni kukaa. Ukisoma habari za misafara utaona siku za kwenda zinahesabika, lakini siku za kungoja ndizo zilizokula mwaka: kungoja wapagazi, kungoja hongo ikubaliwe, kungoja homa iishe, kungoja vita vipoe.

Mfano wangu mkubwa ni mfuko wa barua za Dakta Livingstone. Ulifungwa Unguja na kuandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Waliokabidhiwa wakavuka maji hadi Bagamoyo, hatua ya kwanza kabisa, na hapo wakaweka kambi zaidi ya miezi mitatu. Mfuko ukaja kufika Unyanyembe, vita vya Mirambo na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji, ukakaa tena. Mwishowe Stanley ndiye aliyeubeba, na Livingstone akaupokea Ujiji Novemba 1871. Mwaka mzima, bwana! Kwa mwendo wa mpagazi wa kawaida njia ile ilitaka miezi minne hivi. Miezi mingine yote barua zilikuwa zimelala ndani ya mfuko, hazisogei.

Sasa mtu wa pili ninayemhitaji katika habari hii ni kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Hakuwa mwenye mali. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, mpagazi kama wenzake, aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa anaijua njia, anajua maji yalipo na hongo inapotozwa. Alijitanda nguo nyekundu, kichwani manyoya, mkononi bendera nyekundu ya Unguja. Asubuhi, kama yeye hajainuka, hakuna mzigo uliotoka chini. Burton ameeleza kwamba aliyethubutu kumtangulia alinyang'anywa mshale katika podo lake, na wakifika kambini akaukomboa kwa faini. Na kuna jambo moja juu yake naomba mlishike: kirangozi alibeba mzigo mmojawapo kati ya ile myepesi kabisa. Kazi yake ilikuwa kuwainua watu na kuwaonyesha pa kupita. Pembe kubwa za ndovu walibeba wengine.

Tuje kwenye kompyuta. Mashine hii ikizimwa, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ile RAM, inafutika yote. Ukibonyeza swichi inaamka kama mtu aliyezimia, haijui hata jina lake. Kinachobaki macho ni programu ndogo iliyokaa kwenye chipu ya madabodi, zamani ikiitwa BIOS na siku hizi UEFI, nayo inavipitia vifaa kimoja kimoja ikiuliza: nani hapa anaijua njia? Diski inayojibu ndiyo diski ya kuwashia. Waingereza wanakiita kitendo hicho kwa neno lililotokana na msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe, na mafundi wetu wakalipokea neno lilivyo wakasema "kubuti". Mimi ningeulizwa ningesema kufunga safari, na hiyo diski ningeiita kirangozi. Lakini nani atamwuliza kijana wa Igalula?

Hadi diski ya zamani ni kama santuri. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, katika kompyuta nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea unaokwenda mbele na nyuma juu ya sahani pasipo kuigusa. Piga hesabu nami. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa kikifika mahali pake kinangoja kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4 na kitu, hadi data ipite chini yake. Kabla ya hapo mkono wenyewe umetumia kama milisekunde 9 kusogea. Jumla 13. Mtu atasema milisekunde 13 ni nini? Ni kidogo, ndiyo. Ila mfumo endeshi unapoamka hausomi kitu kimoja kirefu. Unaokota vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Tuseme vipande 10,000. Mara 13 ni milisekunde 130,000, yaani dakika mbili na ushee, na karibu muda wote huo diski haisomi chochote. Inangoja mkono usogee na sahani izunguke. Ni mfuko wa barua uliolala Bagamoyo.

Watu wengi hapa wanadhani kompyuta yao imezeeka akili. Wanaiuza kwa bei ya kutupa, au wanaifanya meza ya kuwekea redio. Mara nyingi prosesa ni nzima na inapiga hesabu mamilioni kwa kufumba na kufumbua; tatizo ni kwamba inalishwa kwa kijiko. Ukiiwekea SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka, kipande kimoja kinapatikana kwa kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vipande 10,000 vinakwisha kwa sekunde moja. Kweli kompyuta haitaamka kwa sekunde moja, kwa sababu prosesa nayo ina yake ya kufanya, lakini kule kungoja kumeondoka.

Diski ya kwanza ya aina ya santuri ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiambatana na mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja kipenyo chake inchi 24, uzito wa kifaa chote kama tani moja, na ilihifadhi herufi milioni tano. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32. Kwa hiyo ungehitaji wapagazi zaidi ya 30 kuisafirisha RAMAC kutoka Bagamoyo, na kufika hapa ungekuwa na nafasi ya kutunzia vitabu vichache tu.

Nchini kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, mambo yakaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Masharti yalikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, na televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kuna vijana wenzangu wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Mashine zile zilikuwa ghali kupindukia, zililipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, na ukishahamisha hesabu ya taifa kuipeleka kwa mbebaji usiyemwelewa, akianguka njiani umeanguka naye. Lakini nayo marufuku ilikuwa na bei yake: watu walisoma hadi wakamaliza shule na vyuo bila kuigusa kibodi. Kompyuta zilipotufikia kwa wingi, nyingi zilikuja mitumba, zimekwishatumika kwenye ofisi za wenzetu ng'ambo, na diski zake zimekwishazunguka miaka.

SSD nayo ina baba yake, na habari zake zinasikitisha kidogo. Fujio Masuoka alikuwa mhandisi wa Toshiba huko Japani. Mwaka 1984 aliwaonyesha wataalamu kumbukumbu aina ya flashi, jina lililotokana na taa ya kamera kwa jinsi data inavyofutwa kwa mpigo mmoja, na mwaka 1987 ikafuata aina iitwayo NAND ambayo ndiyo iliyomo ndani ya SSD za leo. Kila chembe ya kumbukumbu hiyo ni kichumba kidogo kilichozungushiwa kihami. Chaji ya umeme ikiingizwa humo inabaki humo hata mashine ikizimwa. Masuoka aliona hakutendewa haki, akaishitaki kampuni yake ya zamani, na mwaka 2006 wakamaliza shauri kwa yeni milioni 87. Kwa kitu kilicho ndani ya kila simu duniani, jamani! Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye ikawa SanDisk, iliiuzia IBM diski ya flashi ya megabaiti 20 kwa dola kama 1,000. Ile niliyoinunua mimi Tabora mjini ina gigabaiti 240. Ni mara 12,000 ya ile, nami nilirudi nayo Igalula ikiwa mfuko wa shati.

Niliinunua kwa sababu ya Mwalimu. Ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, jina lake nalihifadhi. Kwa miaka zaidi ya kumi amekuwa akienda Tura, Kigwa na Goweko kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda, akiwahoji wazee juu ya yale waliyosimuliwa na babu zao: kambi za misafara, njaa, majina ya visima, nyimbo. Mwanzoni aliandika daftarini, kisha akajipatia kompyuta ya mezani ya mtumba akawa anachapa, na mahojiano akiyarekodi kwa simu na kuyahamishia humo. Asubuhi moja akaniita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka. Hebu njoo usikilize hiki kitu, kinabisha hodi humu ndani."

Nikainama. *Ka, ka, ka*. Kimya. *Ka, ka, ka*. Mkono wa diski ulikuwa ukijaribu kupata mahali pake, unashindwa, unarudi mwanzo.

"Imeanza lini?"

"Juzi. Nikaizima nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha, ikatulia. Leo imegoma."

"Usiiwashe tena Mwalimu, nakuomba. Nakala unazo?"

"Ninazo," akasema kwa fahari. "Zimo humo humo, folda nyingine."

Nilikaa kwenye kigoda nikanyamaza.

Nataka niseme kwa nini jambo hili lilikuwa zito kuliko kompyuta ya mtu kuharibika. Tunachokijua juu ya njia ya misafara tumekipata zaidi kwa kina Burton, Speke na Stanley, watu waliopita. Kwa upande wetu yapo maandishi ya Kiswahili, na tuyatunze kama mboni ya jicho: Tippu Tip alieleza maisha yake, Selemani bin Mwenye Chande akasimulia safari yake ya bara iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akaeleza desturi za Waswahili. Hawa nao ni watu wa pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi, maelfu kwa maelfu, ambao kijana kwao hakuhesabiwa mwanamume barabara hadi aende pwani na kurudi, hawakuandika. Walichoacha ni masimulizi, na masimulizi ya sehemu hii ya njia, kutoka Tura hadi Kigwa, sehemu yake kubwa ninayoifahamu ilikuwa ndani ya ile sahani inayogonga.

Kwa hiyo kuokoa kulitangulia, kuweka diski mpya kukangoja. Hapa mafundi wengi wanakosana. Wapo wanaopenda kunakili diski nzima ya zamani, na mfumo wake na programu zake, kuihamishia kwenye SSD kisha waichomeke, mtu aendelee alipoishia. Kwa diski nzima, sina ugomvi na njia hiyo. Kwa diski inayokufa, kwanza unapata mfumo ambao huenda tayari umeoza, na pili programu nyingi za kunakili zikikuta pabovu hung'ang'ania hapo hapo zikisoma tena na tena, na mgonjwa anafia mezani. Nilitumia programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, ndani ya Linux niliyoiwasha kutoka kwenye flashi. Ubora wake ni busara: inazoa kwanza palipo pazima, pabovu inaparuka na kupaandika katika kijidaftari chake, kisha inarudi baadaye kupajaribu taratibu. Nilikuwa nimeazima diski ya nje kutoka Tabora ya kupokelea mzigo. Usiku wa kwanza umeme ukakatika. Uliporudi alfajiri, programu ikafungua kijidaftari na kuendelea pale ilipoachia. Usiku wa pili ikamaliza. Karibu kila kitu kilikuwa kimepona. Nitarudi kwenye neno hilo "karibu".

Kufunga SSD kwenyewe ni kazi ya nusu saa, na ndiyo sababu nitaipita haraka. Unachomoa waya wa umeme ukutani, unabonyeza swichi mara moja ili chaji iliyobaki iishe, unafungua ubavu wa kile kisanduku ambacho Watanzania wote tunakiita CPU ingawa CPU ni kichipu kimoja tu ndani yake. Unagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, umeme wa mwilini usije ukaunguza chipu. SSD ya inchi 2.5 ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya mezani, na fremu ya kuishikia huwa haipatikani kwetu. Skrubu mbili za upande mmoja zinatosha, maana hakuna kinachotikisika ndani. Nyaya ni mbili, mmoja mpana wa umeme na mmoja mwembamba wa data, zote za aina ya SATA. Kompyuta ya kizamani zaidi yenye ule utepe mpana wa data haifai kwa mtindo huu, usipoteze nauli.

Jambo moja tu nitalikazia. Unapoweka mfumo mpya kwenye SSD, chomoa kabisa diski nyingine zote. Ukiziacha, Windows inaweza kuiweka ile sehemu ndogo ya kuanzia kwenye diski ya zamani, na mfumo wenyewe kwenye mpya. Hutajua chochote hadi siku utakayoitoa ile ya zamani, ndipo kompyuta itakaposema haioni pa kuanzia. Huo ni msafara wenye virangozi wawili. Ukimaliza, ingia kwenye BIOS, hakikisha hali ya SATA imewekwa AHCI, na SSD iwe ya kwanza katika orodha ya kuwashia.

Kwa mashine ya Mwalimu niliweka Linux. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ile haikubaliki kwa Windows 11. SSD haiondoi tatizo hilo, na anayekuuzia kwa kukuambia inaliondoa anakupiga changa la macho. Mwalimu alinuna siku mbili kwa sababu vitufe vimehama. Siku ya tatu akaizoea. Zamani alikuwa akibonyeza swichi, anakwenda kuwasha mkaa, anabandika birika, na akirudi na kikombe mkononi ndipo anakuta kioo kiko tayari. Sasa ni sekunde ishirini na kitu.

"Sasa chai nitachemsha saa ngapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji na hata na baadhi ya mafundi wenzangu. Baada ya kuona kasi ile, Mwalimu alitaka kila kitu kihamie humo, maandishi, sauti na picha, na diski zote nyingine ziende zake. Nilikataa. SSD haigongi hodi. Ikifa, mara nyingi inakufa kimya, asubuhi huioni kabisa, na kuirudisha data yake ni kazi ngumu na ya gharama kuliko ya santuri. Tena ile chaji iliyofungiwa kwenye vichumba huvuja taratibu. SSD iliyochakaa, ikawekwa kabatini bila umeme kwa muda mrefu, mahali penye joto kama kwetu, inaweza kusahau. Ndiyo maana niliwaomba mkumbuke mzigo wa kirangozi. Mpe mfumo na programu, apepee na bendera yake mbele. Pembe za ndovu zigawanywe kwa wapagazi wengine, zaidi ya mmoja, na wasilale kambi moja. Ya Mwalimu sasa iko kwenye diski ya pili mle mle ndani, kwenye diski ya nje iliyo kwangu, na nakala moja ya maandishi iliyochapwa karatasini.

Na ile diski mbovu? Mwalimu alitaka kuwapa watoto wachezee sumaku yake. Nikamweleza habari za Kwihara. Livingstone alipofika Unyanyembe pamoja na Stanley mwaka 1872 alikaa Kwihara, na Stanley aliporudi pwani mwezi Machi aliondoka na shajara kubwa ambayo sasa huitwa Shajara ya Unyanyembe. Ndani yake Livingstone alikuwa amenakili kwa mkono mzuri mambo aliyoyaandika porini, yakiwemo mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871. Maandishi ya kwanza ya porini aliyaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya mwituni, kwa vile karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, nayo yakafifia yasisomeke. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walitegemea nakala. Mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha maandishi yale ya gazetini kwa mianga ya rangi mbalimbali, yakasomeka, na ikaonekana kwamba kati ya gazeti na shajara mwandishi alikuwa amebadilisha mambo. Kama mtu angeyatupa yale magazeti kwa kuwa nakala ipo, tusingejua.

Mwalimu akachukua bahasha ya kaki, akaitia diski ndani, akaandika tarehe juu yake.

Nilisema karibu kila kitu kilipona. Faili moja lilikuwa limekalia sehemu mbovu zaidi: mahojiano ya bibi mmoja wa Kigwa, ambaye sasa ni marehemu. Bibi wa huyo bibi alikwenda pwani na msafara. Watu husahau kwamba wanawake nao walitembea katika misafara ya Wanyamwezi, wakiwa na vyungu na watoto mgongoni. Katika rekodi anaanza kuhesabu kambi kama alivyohesabiwa na bibi yake, kuanzia Tura, na kila kambi anaeleza nani alichota maji na kwa umbali gani. Anataja ya kwanza. Anataja ya pili. Halafu sauti inakuwa mkwaruzo, dakika 11, na inaporudi wamekwishafika Kigwa na bibi anacheka.

Nimeirudisha ddrescue kwenye zile sehemu mara nne, haikupata zaidi. Mdogo wake marehemu yuko hai, anakaa kwa mjukuu wake huko huko Kigwa, na inasemekana naye aliyasikia maneno yale utotoni. Mwalimu anakwenda Jumamosi. Mimi nitambebea simu mbili.